Kadi ya Samah

Bi Zuweina binti Msellem alikuwa ameshapita miaka sabini siku simu ilipomwambia kwamba mtoto wake sasa ana ukubwa wa ndimu.

Alikuwa amekaa uani kwake, hapo Mtambile, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, mbele yake lundo la karafuu mbichi. Macho yake yalizima kidogo kidogo, kwa miaka, mpaka yakabakisha mwanga tu. Lakini kuchambua karafuu hakukumtaka macho. Vidole vilijua penye konyo, kijiti cha kutengwa, na penye karafuu, na kazi ilikwenda huku akizungumza, akisoma uradi, au akisikiliza simu. Simu hiyo mwanawe Amur alikuwa ameiwekea sauti ya kumsomea kilichoandikwa. Wengine wasioona huipapasa skrini, wakasomewa pale wanapogusa. Bi Zuweina hakuwa na mkono wa kupapasia, mikono yote ilikuwa na kazi. Kwa hivyo alijizoesha namna yake: akishaifungua aliiacha isome yote, kuanzia juu mpaka chini, bila ya kuruka kitu, kama taarifa ya habari redioni.

"Una kumbusho tatu," ilisema sauti. "Kumbusho. Dawa ya presha, kidonge kimoja, baada ya chai. Kumbusho. Chanjo ya kuku, Jumamosi. Kumbusho. Hongera, mama. Umeingia wiki ya kumi na mbili. Mtoto wako sasa ana ukubwa wa ndimu."

Mikono ya Bi Zuweina ilisimama. Aliifuta kwenye kanga, akaipapasa simu mpaka ikarudia. Ikarudia vile vile, kwa ile lafudhi yake ya mtu aliyejifunzia Kiswahili mbali. Ndimu.

Basi akapiga simu dukani kwa Talal.

"Dada yako yupo?"

"Yupo stoo, bibi, na kompyuta yake. Kuna nini?"

"Mwambie aje. Ile programu yake imeanza kunivunjia heshima."

Manar, dada yake Talal, hakukimbia, kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbia, lakini alitoka bila ya kumaliza chai yake. Programu hiyo aliiandika mwenyewe na kuiita Nikumbushe. Kazi ya kuandika programu alijifunza peke yake, ndani ya stoo ya kaka yake, katikati ya magunia ya mchele na sukari, kwenye kompyuta ya mitumba iliyokuwa ikipata moto kama pasi. Hakuwa na mwalimu wa kumwambia amekosea, kwa hivyo alijizoesha kujishuku mwenyewe kwanza. Nikumbushe ilikuwa kwa ajili ya nyumba kama ya Bi Zuweina, ambayo simu kubwa ni moja na watumiaji ni zaidi ya mmoja. Kila mtu wa nyumbani alikuwa na kadi za kumkumbusha mambo yake. Zile za wote zilionekana na yeyote aliyeshika simu. Zile za mtu binafsi zilifunguka kwa namba yake ya siri, na akishatoka hazionekani tena. Nyumba kadhaa za jirani zilikuwa zikiitumia, na hadi asubuhi ile hapakuwa na malalamiko.

"Hodi."

"Karibu. Manar huyo?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usinikanyagie karafuu." Bi Zuweina alisubiri mpaka akasikia amekaa. "Hii programu uliitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, bibi."

"Basi hongera. Na mimi nipe hongera."

"Ya nini?"

"Nna mwana tumboni. Simu imenambia. Nikajisemea, haya, Bi Sara mkewe Nabii Ibrahim naye alipewa uzeeni. Lakini Bi Sara alikuwa na mume! Mie mzee wangu Soud nimemzika zamani, huyu mwana nimempata wapi?"

Manar alicheka. Halafu kicheko kikamkatika, kwa sababu alijua kadi ile ilikuwa ya nani.

Ilikuwa ya Samah, mke wa Amur, mkwe wa Bi Zuweina na rafiki wa Manar tangu skuli. Samah alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mara mbili. Kwa desturi ya hapo mimba changa haisemwi, inaachwa mpaka ionekane yenyewe. Lakini ile ya pili Bi Zuweina alishindwa kuizuia furaha yake. Alimwambia jirani mmoja, na baada ya wiki mtaa mzima ukawa unampa Samah hongera. Ilipoharibika, wale wale walioleta hongera walirudi na pole. "Kila anayeingia ananitazama tumbo kwanza," Samah alimwambia Manar siku zile, "ndio ananitazama uso."

Safari hii waliojua ni Amur, muuguzi Conchesta wa kliniki, na Manar. Conchesta, mama wa Kihaya mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, ndiye aliyeyaandika maneno ya kila wiki ya kadi hiyo, na ndiye aliyesisitiza Samah asikose vidonge vya damu wala siku za kliniki. Samah mwenyewe alikuwa na simu ndogo ya vitufe, kwa hivyo ikabidi kadi ikae kwenye simu ya nyumbani, na ilikuwa imetiwa siku mbili tatu tu kabla.

"Sitaki ijulikane mpaka niiseme mimi kwa mdomo wangu," Samah alikuwa amesema. "Hata mkwe wangu. Huyo hasa. Nampenda, lakini furaha yake haina mlango."

"Haitaonekana," Manar alimwahidi.

Na kweli haikuonekana. Manar aliichukua simu pale jamvini, akaitazama. Dawa ya presha. Chanjo ya kuku. Chini yake palikuwa peupe. Akaigusa ile sehemu nyeupe, hapakutokea kitu.

"Unaiona?" aliuliza Bi Zuweina.

"Siioni, bibi."

"Basi mie nisiyeona ndiye ninayeiona. Iache isome."

Ikasoma. Ilipofika penye weupe haikusita hata kidogo. Hongera, mama, ikasema, na ikaendelea mpaka kwenye ndimu. Manar alielewa mara moja kosa lilikuwa la aina gani, ingawa alikuwa bado hajajua liko wapi.

"Hii si yako, bibi. Ni kosa langu."

"Si yangu, hilo nalijua!" Bi Zuweina alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akauliza, bado anacheka, "Kosa la kuiandika, au kosa la kunisomea?"

Manar alikuwa na desturi ya kufikiri kabla ya kujibu. Angeweza kusema ni la kuiandika, kwamba ni maneno ya majaribio tu, ameyasahau humo. Ingekuwa uongo mdogo na ungefaa. Lakini uongo mdogo nao ulitaka wepesi, na yeye hakuwa nao. Alikaa kimya muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa, na Bi Zuweina, ambaye siku hizi aliwajua watu kwa namna wanavyonyamaza, akaacha kucheka.

Ndani ya nyumba ile wanawake walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa hapo juu ya jamvi, na mmoja alikuwa bado yuko skuli, anawafundisha watoto wa chekechea kuhesabu.

"Usinijibu," Bi Zuweina alisema.

"Bibi..."

"Nimeuliza vibaya. Swali limeshatoka, siwezi kulirudisha, lakini wewe usilijibu." Alivuta fungu jingine la karafuu, akaanza kuchambua kwa haraka. "Mtu mwenye kazi mikononi husikia nusu nusu. Mie sijasikia kitu. Nimekwita kwa sababu simu inakwama. Itengeneze isikwame."

"Nitaitengeneza."

"Na iwe haraka. Isije ikakwama tena, akaja jirani akaisikia."

Manar alisema ndiyo. Aliona kwamba Bi Zuweina, ambaye hakuwahi kukosea, alikuwa anazitupa karafuu nzima nzima upande wa makonyo. Hakumwambia. Aliifunga ile kadi kwa muda, akaiacha simu isome mara mbili kuhakikisha, akaaga.

Alipofika stoo hakuifungua kazi yake mara moja. Alikaa kwanza akajiuliza aliahidi nini hasa. Aliahidi kwamba kadi haitaonekana. Ahadi hiyo aliitimiza, na hapo ndipo penye tatizo.

Namna ya kuandika skrini aliyojifunza ilimpendeza kwa sababu si ya kutoa amri moja baada ya nyingine. Huiambii kompyuta chora hiki, sasa futa, sasa sogeza kile. Unaeleza tu: hali ikiwa hivi, skrini iwe hivi. Hali ikibadilika, skrini inajibadilisha yenyewe. Na skrini nzima ni vipande, kipande ndani ya kipande, kama nyumba na vyumba vyake. Kuhusu kadi ya Samah alikuwa ameeleza hivi: aliyeshika simu akiwa Samah, kadi iwe na rangi yake kamili, akiwa mtu mwingine, rangi ishuke mpaka kadi iwe kama hewa. Alipoiandika aliiona ni nzuri. Samah akiingiza namba yake kadi ilijitokeza polepole, kama bibi harusi anayefunuliwa ushungi, na kadi nyingine hazikurukaruka kuipisha. Macho yalifurahi.

Lakini kadi iliyokuwa kama hewa bado ilikuwepo. Ilikaa mahali pake chini ya ile ya kuku, na maneno yake yote ndani, na msomaji asiyeshughulika na rangi aliikuta kama alivyozikuta nyingine.

Alibadilisha maelezo. Aliyeshika simu akiwa Samah, kadi iwepo. Asipokuwa Samah, isiwepo kabisa. Isijengwe, isipewe nafasi, isiwe na neno hata moja. Zile kadi nyingine sasa ziliruka kidogo wakati Samah anaingia, na Manar aliamua kwamba ziruke tu.

Kisha akajifunga mtandio machoni, akaiacha simu yake mwenyewe, aliyoitia nakala ya kadi za nyumba ile kwa majaribio, isome kuanzia juu mpaka chini, kama anavyofanya Bi Zuweina. Alitaka kuijua programu yake bila ya macho, jambo ambalo, alijiambia, angelifanya tangu mwanzo kama angekuwa makini.

Talal aliingia kuchukua mfuko wa sukari. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi na hakuwahi kuacha kumtania.

"Haya, sasa tunacheza kujificha. Nimejificha wapi?"

"Nyuma ya sukari. Kaka, ninyamazie kidogo."

"Una kumbusho tatu," ilisema simu.

Ikasoma ya presha. Ikasoma ya kuku. Ikanyamaza.

Manar alivua mtandio.

"Imesema ngapi?" alimuuliza Talal.

"Tatu. Lakini imesoma mbili. Imekupunja moja."

"Haijanipunja. Moja ni ya mtu mwingine, haifai kusomwa."

"Kama haifai kusomwa, mbona inahesabiwa?" Talal aliuweka mfuko begani. Hakujua kadi ni ya nani wala ina nini, na hakuuliza. Dukani alizoea kutouliza. "Hii ndiyo mikutano yetu ya chama kule barazani kwa Abrahman. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, mambo ya ndani ya siri kubwa. Halafu viatu vyote viko nje mlangoni! Mpitaji wa chama kingine hana haja ya kusikiliza, anahesabu viatu tu, anakwenda zake anajua mko wangapi. Vile vya Abrahman, vikubwa kama ngalawa, hata jina unalipata."

Alitoka akicheka peke yake. Manar alibaki anautazama mlango aliopita. Bi Zuweina alikuwa na masikio. Akiambiwa tatu na kusomewa mbili, angejua kwamba ile ya tatu bado imo, kila asubuhi, na wiki ambayo ingekuwa mbili tu angejua vile vile kwamba mimba haipo tena, na hiyo ndiyo habari ambayo Samah asingependa mtu aipate kwa kuhesabu.

Sababu aliipata baada ya kupitia kila kipande kimoja kimoja. Tangu mwanzo, kwa ajili ya wepesi, alikuwa ameziweka kadi za watu wote wa nyumba juu kabisa, kwenye kipande kikuu kinachobeba vingine vyote, ili kila kipande kidogo kichukue chake kutoka hapo. Kwa hivyo kila kipande kiliweza kuzifikia zote, hata kile cha juu ambacho kazi yake ni kutaja idadi tu. Nacho kilihesabu kwa uaminifu alichokiona. Kosa halikuwa lake. Aliyekipa ruhusa ya kuona ni Manar.

Alizishusha. Za wote aliziacha juu. Za Samah alizitia ndani ya kipande cha Samah peke yake, kinachozaliwa namba yake ya siri inapokubaliwa na kufa anapotoka. Nje ya hapo hapakuwa tena na jina la kuzitaja. Kipande kingine kikitaka kuzihesabu hakijui hata kama zipo. Kazi hiyo ilimtaka siku mbili, kwa sababu kila alichokihamisha kilikuwa kimeegemewa na kitu kingine, na kila kitu kingine kilikuwa na sababu yake. Hakukasirika. Alipenda siku za namna hiyo, mvua ndogo inapiga bati, Talal anabishana na wateja huko mbele, na jambo lililokuwa limetatanika linaanza kunyooka mkononi.

Alipomaliza alijifunga tena mtandio, akasikiliza. Kumbusho mbili. Presha. Kuku. Kimya.

Yalibaki mazungumzo na Samah.

Hilo alilifikiria njia nzima ya kurudi kwa Bi Zuweina kuipakia programu mpya, na njia nzima ya kurudi dukani. Bi Zuweina alikuwa amesema hajasikia kitu. Akimwambia Samah kwamba mkwe wake amesikia, atakuwa ameuvunja ule wema. Asipomwambia, Samah ataendelea kuishi ndani ya nyumba anayodhani hakuna aliyeijua siri yake zaidi ya mumewe. Mwisho aliona kwamba siri si ya Bi Zuweina na wala si yake yeye. Mwenyewe alikuwa na haki ya kujua imefika wapi.

Samah alipita dukani alipotoka skuli, chaki kwenye mkono wa buibui. Manar alimkaribisha stoo, akampa maji, na akamwambia yote kwa mpangilio: kadi iliyokuwa kama hewa, sauti, ile idadi, alichokitengeneza. Mambo ya Bi Zuweina aliyaweka mwisho, lakini hakuyapunguza.

Samah alikaa juu ya gunia la mchele.

"Amesikia," alisema.

"Amesikia. Zaidi ya mara moja, na mimi nilikuwepo ya mwisho."

"Siku gani?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi." Samah alihesabu kwa vidole, kama anavyowahesabia watoto wake. "Manar, kama ameisikia Jumatatu, basi Jumanne ingekuwa imeshafika bandarini Mkoani. Jumatano ingevuka bahari. Mbona sijapewa hongera na mtu yeyote?"

"Aliniambia hajasikia kitu."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Akaniambia simu inakwama tu."

Samah alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalimtikisika, na Manar alisogea kumshika, akidhani analia. Kidogo alikuwa analia. Lakini zaidi alikuwa anacheka.

"Jana kanigombeza," alisema ndani ya viganja. "Eti mchuzi umenishinda, nimeutia chumvi kama maji ya Micheweni. Nikasema moyoni, leo mama kaamkia upande gani? Kumbe alikuwa ananionesha kwamba hakuna kilichobadilika! Halafu akala sahani mbili."

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika hapo uliposema sauti." Samah alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilitaka kuifuta programu yako mbele ya macho yako. Sasa nadhani nitasubiri kwanza."

"Ukitaka nikuondoe kabisa kwenye simu ile, nitakuondoa. Nitakupigia mwenyewe kukukumbusha."

"Wewe? Wewe utafikiri kwanza mpaka kliniki ifungwe." Alisimama, akajikung'uta unga wa mchele. "Iache. Lakini nionyeshe. Nataka kuisikia mwenyewe isivyosema."

Manar alimfungulia simu yake, ambayo ilikuwa na nyumba ile ile ya majaribio ndani yake, na wote wawili wakakaa wanasikiliza sauti ikisoma presha na kuku, na kisha ukimya. Samah aliomba isome tena. Huko mbele Talal aliuliza kwa sauti kama stoo imegeuka chuo cha kusikiliza kuku.

Siku zilizofuata nyumba ya Bi Zuweina iliishi kama kawaida yake, na pengine kwa uangalifu zaidi kuliko kawaida. Bi Zuweina aligombeza kuhusu chumvi. Samah alijibu kwa heshima na kuipunguza. Alikwenda kliniki akisema anakwenda kwa Manar, na Bi Zuweina alimwambia amsalimie Manar, na Samah aliporudi alipeleka salamu za kurudishia, na hakuna aliyetabasamu mpaka akawa peke yake. Mara moja tu Bi Zuweina alikaribia kuteleza. Samah alitaka kunyanyua pipa la maji, na mama mkwe akapaza sauti, "Weka!" Kisha akaongeza, baada ya muda, kwamba pipa lile lina ufa na ni Amur tu anayejua namna ya kulibeba. Pipa halikuwa na ufa. Samah aliliweka.

Hayo yote Samah aliyasimulia stoo, wiki baada ya wiki, na Manar aliyasikiliza huku akiendelea na kazi. Alikuwa anapitia nyumba nyingine zote zilizotumia Nikumbushe, moja baada ya moja, akishusha kila cha mtu ndani ya kipande chake, na kila alipomaliza nyumba alijifunga mtandio na kusikiliza.

Wiki ile mbaya, wiki ambayo mimba zote mbili za mwanzo hazikuivuka, Samah hakuja dukani. Manar hakumpigia. Alimwona Jumatatu iliyofuata kwa mbali, anavuka barabara na mstari mrefu wa watoto wa chekechea walioshikana nguo, na akaona anatembea vizuri.

Siku aliyoamua Samah kusema haikuwa siku maalumu. Yeye na Bi Zuweina walikuwa uani, wamekaa, mchana umepoa. Alimwambia mama mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba ana ujauzito na kwamba Conchesta amesikiliza moyo wa mtoto na umempendeza.

"Akafanyaje?" Manar aliuliza siku ya pili.

"Alipiga kelele, Manar. Alishtuka mpaka kanga ikamwanguka. 'Lini? Tangu lini? Na mie nimo humu ndani sijui!' Akanishika uso, akanishika tumbo, akalia, akamlaumu Amur, akajiuliza vipi nimekuwa nikila ndimu mbele yake na yeye asishtuke." Samah alitikisa kichwa. "Nilikuwa natafuta kwenye uso wake. Nilikuwa najua, na bado nilitafuta. Sikuona kitu. Una hakika alisikia?"

Manar alifikiri.

"Nilikuwa na hakika," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa nimepungukiwa."

Walicheka. Samah alisema kwamba amemwomba Bi Zuweina asiwaambie majirani mpaka mwezi wa mfungo sita uingie, na Bi Zuweina amekubali, na yeye, Samah, anamwamini. Alilisema hilo kwa namna ya mtu anayeuonja mchuzi na kuukuta uko sawa. Halafu akaomba jambo. Alitaka kadi yake, kwa amri yake yeye na si ya mtu mwingine, iweze kusomwa pia na mama mkwe.

Manar hakuirudisha kadi juu kwenye kipande kikuu, ingawa ingekuwa kazi ya dakika chache. Aliandika namna ambayo mwenye kadi anamkabidhi mmoja anayemtaka, na huyo mmoja tu, na anaweza kumnyang'anya akibadilisha nia. Kipande cha Bi Zuweina kilipokea kile kilichopewa. Kisingeweza kukitafuta chenyewe. Alilisikiliza hilo mara nyingi, mtandio machoni, kabla ya kuwapelekea. Samah alibonyeza mwenyewe pa kukabidhi.

Baada ya wiki mbili Talal alifungua mlango wa stoo, simu sikioni, anajizuia kucheka.

"Bi Zuweina huyu. Ana malalamiko."

Manar aliinuka. "Imesoma nini tena?"

"Tatizo si hilo. Anasema programu yako mvivu. Habari za mtoto inazitoa mara moja tu kwa wiki, na yeye anachambua karafuu kila siku."